Chokaa Iliyotoka Damu

Shemeji yangu aliileta ile kaktusi ndani ya bota, buti lake la jeshi. Alishuka kwenye treni akichechemea, akitoka kambi ya mbali alikokuwa amepangwa, na yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, mkewe, alipomvua kiatu akidhani mguu umeoza, kikaanguka kibamba cha kijani kilichonyauka, miiba tupu. Alisema hakuona mahali pengine pa kukificha. Mimi nawaambia nilivyoambiwa: miiba iliendelea kutoka kwenye kisigino chake mpaka mvua za mwaka uliofuata.

Alikipanda ndani ya bidoni ya mafuta iliyokatwa nusu, mbele ya nyumba yao kule Base, kambi ya jeshi yenye uwanja wa ndege, mahali jua linapopiga tangu asubuhi. Juu ya kibamba kikaota kibamba, na juu yake kingine, mpaka mti ukawa kama familia iliyobebana mabegani. Shemeji akipita, anaupigia saluti.

"Huyu njo askari," alimwambia yaya, kwamba huyu ndiye askari wa kweli. "Anakulaka kidogo, halalamikake, na kufa hajue. Siku nikienda, uangalie yeye, utajua minyi, bwana yako, niko muzima."

Akaenda. Walimpeleka mashariki, vitani. Mwanzoni alipiga simu, na sauti yake ilikuwa ikikatikakatika kama mtu anayezungumza huku akitafuna changarawe. Halafu simu zikanyamaza. Wenzake wa kikosi walirudi, wengine kwa miguu yao, wengine ndani ya masanduku. Kuhusu yeye, kila yaya alipokwenda kuuliza, ofisi ilimpa jibu lilelile: hatujapata habari. Ukoo wa shemeji ukaanza kutuma watu. Muda umepita, walisema, tufanye matanga, mke avae nguo nyeusi, halafu siku moja tumwogeshe na kumvua, awe huru. Yaya aliwajibu wote neno moja, akionyesha bidoni kwa kidole: "Askari yangu iko pale ku mulango, muzima."

Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, alitoka kumtazama.

Sasa, mtu asiyeishi kambini haijui chokaa. Ikitangazwa kwamba mkubwa fulani atashuka na ndege, kambi nzima inapakwa. Mawe ya kando ya njia, vigogo vya miti mpaka magotini, ndoo zilizotoboka, makopo ya maua. Niliwahi kumwona kuku mweupe pale, na mpaka leo sijui kama alizaliwa hivyo au alisimama vibaya siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya usafi. Kwa hiyo vidoa vyeupe vilipotokea juu ya kaktusi, vidogo kama pamba iliyonyofolewa, hakuna aliyeshtuka. Yaya aliwatukana waliokuwa wanapaka, kwamba wamemrushia mumewe chokaa. Akavifuta kwa kitambaa chenye maji. Vikarudi. Akamwagia maji bidoni nzima ili avioshe, leo na kesho na keshokutwa, mti ambao shemeji mwenyewe alisema anakula kidogo. Vibamba vikaanza kuwa njano.

Asubuhi moja akachukua kisu akwangue doa moja lililoganda. Likatoka jekundu. Si jekundu la kutania. Jekundu la mbuzi aliyechinjwa, likamtiririka kwenye vidole mpaka kiganjani.

Mimi nilikuwa mjini, katika nyumba ya marehemu baba, kambi ya wafanyakazi wa reli. Simu ilipigwa na jirani wa yaya, mke wa askari aliyetoka jimbo la Ekwateri, mwanamke anayeongea kana kwamba dunia nzima ni viziwi.

"Weye wa diplome! Kuya mbio! Kaktusi ya yaya yako inatoka damu. Bamama beko banatandika mikeka!"

Diplome ni mimi. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni mwaka uleule, na cheti changu nilikitundika juu sana ukutani, hata mjusi alilazimika kuinua kichwa akisome. Nikapanda pikipiki. Barabara ya kwenda Base ina mashimo ambayo mtu anaweza kuhamia humo na familia yake, lakini siku hiyo sikumtania dereva hata mara moja.

Nilikuta mikeka imetandikwa kweli. Yaya yuko chini, nywele amekwisha kuzifumua, mikono myekundu ameiweka mbele yake kama vitu vya mtu mwingine. Halii tena. Wanawake ndio waliokuwa wanalia kwa niaba yake.

"Amekufa," aliniambia. "Amenionyesha."

Nikachuchumaa mbele ya bidoni. Nilichomoa njiti ya ufagio nikainua pamba moja polepole. Chini yake kulikuwa na kitu kinene, rangi ya zambarau iliyoiva, kidogo kuliko punje ya mtama, kimejibana kwenye ngozi ya mti bila kusogea. Nikakiweka kiganjani, nikasimama ili wote waone, nikakiponda kwa kidole. Kiganja kikawa chekundu kama cha yaya. Halafu nikaokota jiwe la kando ya njia, nikalikwangua: unga mkavu, mweupe, basi.

"Hii njo chokaa," nikasema. "Na hii njo damu yenu. Kadudu. Kanakaa pale kanakunywa mti, na kanajifunika pamba kusudi watu basikaone."

Jirani akasogeza pua. "Kumbe tuko tunalilia kunguni?"

"Ndugu yake."

"Ee! Basi minyi niko nabeba mukeka yangu."

Wakacheka, wale mama, kicheko cha watu waliokuwa wameogopa. Mimi nilicheka kuwapita wote. Yaya hakucheka. Alikuwa anakitazama kiganja changu.

Tukaanza kazi. Niliihamisha bidoni mbali na maua mengine, kivulini. Vibamba vilivyojaa pamba tulivikata tukavichoma moto. Vilivyobaki nilivisugua kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni, hasa pale kibamba kinapoungana na kingine na chini ya miiba, maana watoto wa wale wadudu hujificha humo. Halafu ilihitajika pombe kali. Jirani akaleta chupa ya lutuku, ile ya mahindi, inayopikwa kwa siri na kunywewa hadharani. Alisema anaiweka kwa ajili ya jino. Nikajaribu kwanza pembeni ya kibamba kimoja, nikangoja nione kama kitaungua. Kisha nikachovya pamba na kugusa kila doa jeupe, moja moja. Harufu yake ingeweza kulewesha Base nzima pamoja na ndege zake.

Lakini chini, kwenye udongo, shina lilikuwa laini kama ndizi iliyosahauliwa. Maji yote yale ya kuosha chokaa. Nilikata kibamba cha juu kabisa, kile kigumu, nikakilaza kivulini mpaka kidonda kikauke na kufanya ngozi. Sehemu nyingine yote ya mti tuliitupa. Juma lililofuata nilirudi na kokoto za reli na mchanga mnene. Nikavijaza kwenye bidoni iliyosafishwa, nipande kile kibamba.

Yaya alikuwa ananipa kokoto kwa mkono. Akauliza bila kuinua uso:

"Ile damu, kweli haikuwa alama?"

"Hapana, yaya. Ni dudu tu. Mti haujue bwana yako iko wapi."

Akanipa kokoto nyingine.

"Na hiki kikiota?"

Nikaipanga kokoto ile chini ya bidoni.

"Kikiota ni mti unaota," alisema mwenyewe. "Njo vile."

Kiliota. Tulirudia sabuni na lutuku kila juma, kwa sababu mayai hayafi yote kwa mara moja, na mvua zilipoanza kikatoa kibamba kipya pembeni, kidogo, kama sikio la mtoto mchanga. Nilipiga makofi, nikacheza ngoma peke yangu barazani. Yaya alikitazama, akasema kizuri, akaingia ndani kupika. Asubuhi sasa ananawa uso kwanza.

Ukoo wa shemeji ukatuma watu tena. Nilikuwepo. Nilingoja aonyeshe kidole pale mlangoni. Hakuonyesha.

"Bakuye," alisema. Waje, matanga yafanyike.

Jirani alirudisha mkeka wake, akautandika na kunyoosha pembe zake. Kambi ilikuwa imetoka kupakwa. Mawe yote yalikuwa meupe. Yaya, akiwa amevaa nyeusi, aliniomba nihamishe bidoni nyuma ya nyumba, watu wa matanga wasije kuikanyaga. Kabla sijaibeba alichuchumaa na njiti ya ufagio. Aligusa kidoa kimoja cheupe juu ya kibamba, akakiponda, akatazama kidole chake.

"Chokaa," akasema, akatafuta kingine.