Vigae vya Zita

Zita wa Kasense ndiye anayedarizi vitambaa vya altare ya kigango chetu tangu tukiwa wasichana. Mwaka huu, kwa sikukuu ya mtakatifu somo wa kigango, alichoka na maua na zabibu. Akaanza kupita kwenye majalala nyuma ya nyumba za watu, akiokota vigae vya vyungu.

Kwetu huku ukionekana unaokota kitu nyuma ya nyumba ya mtu, hata jani, hawakuulizi mara mbili: wewe ni mchawi.

"Unachukua nini kwangu?" Marsiana alimkuta ameinama.

"Kigae tu, dada. Tazama nakshi hii."

"Mwaka jana ng'ombe wangu wawili. Mwaka huu umekuja kumchukua nani?"

Basi, kisimani wanawake wakawa wanavuta ndoo zao akifika. Kwenye jumuiya chai yake ilipoa bila mnywaji. Watoto wakamwita Mama Jalala. Mimi nilihama benchi letu kanisani, Mungu anisamehe.

Yeye alishona tu. Mama zetu walifinyanga, na kila mmoja alikuwa na alama yake shingoni mwa chungu: huyu gunzi la mahindi, yule kamba iliyosukwa. Tulipopata ndoo za plastiki tukavitupa vyungu vyao. Zita alizihamisha alama zile kwa uzi mwekundu, akazipanga kama matuta shambani, kila nyumba na lake.

Jumamosi katekista Nestory alikitandika kitambaa altareni. Marsiana akaona alama za kucha, mbili mbili.

"Hii ni ya mama yangu!"

"Ndiyo, dada. Ni yeye."

"Umemtoa jalalani kwa ruhusa ya nani? Fumua! Na kigae ukirudishe ulikokitoa. La sivyo, nyumba yangu haikanyagi humu kesho."

Katekista alitazama viatu vyake. Zita akafumua, uzi mmoja mmoja, Marsiana amemsimamia mikono kiunoni.

Jumapili, baada ya misa, wanawake walisukumana altareni. "Gunzi hili ni mama!" Wengine walilia. Aliyemshukuru Zita sikumwona.

Marsiana alifika mwisho, akapapasa pale palipobaki vitundu vya sindano.

"Rudishia," alisema, bila hata salamu.

"Kigae nilikirudisha jalalani kwako, kama ulivyosema. Ukikipata niletee, nitashona."

Jumatatu nilipita njia ya kwake. Alikuwa ameinama nyuma ya nyumba, mikono imejaa majivu. Aliponiona akasimama wima.

"Unatazama nini?"