Nilimwomba Anifelishe

Watu wa Kabungu wakinikuta kivulini na mke wangu yuko kwenye jembe, wanasema ziwa ndilo lililoniua nusu. Siyo kweli. Ziwa halijanikosea kitu. Aliyenikosea ni mkufunzi, na nyuma yake meneja. Majina yao nayaacha, wenyewe wakisikia watajijua.

Kampuni ilitafuta watu wa kuzamia kule Ikola, ufukweni mwa ziwa, wakamate vile visamaki vya mapambo vinavyopelekwa nje. Mimi niliyeishia darasa la nne nilichukuliwa kwa sababu naogelea. Kilichonishinda ni kitu kimoja. Unakaa chini ya maji, mtungi wa hewa mgongoni, unaingiza maji kwenye miwani ya kuzamia, ile inayofunika na pua, halafu unayapuliza kwa pua yatoke. Kila nikijaribu navuta maji, nachanganyikiwa, nachomoka juu.

Mkufunzi wa kwanza alikuwa mwanamke wa Kigoma. Alikuwa ananirudisha maji ya kiunoni kila asubuhi, nipulize tena. Wenzangu walinicheka, naye akawaambia, "Nyie chekeni. Huyu bado, na bado siyo dhambi." Ndiye aliyetufundisha kwamba ukichomoka kutoka chini sana huku umebana pumzi, mapafu yanapasuka kama puto. Meneja akaona anachelewesha watu, akamwondoa, akamleta huyu wa pili.

Siku ya mtihani mbuzi alishachinjwa, mgeni rasmi yuko njiani. Nikamvuta huyu bwana pembeni.

"Mwalimu, mimi nifelishe. Nitarudia na kundi linalokuja."

Akacheka. "Mzee, unataka kuniharibia sherehe? Mengine utajifunzia kazini."

Kule chini alinishika mkanda nisichomoke, akainua miwani yangu kidogo, yakaingia maji ya kijiko tu. Akanionyesha kidole na gumba vimekutana, yaani safi. Jioni nikapewa cheti kimechorwa nyangumi, mnyama ambaye ziwani kwetu hayupo.

Kazini nilienda vizuri mpaka siku mwenzangu alipopiga teke likaning'oa miwani, tuko chini kabisa. Nikafanya nililolizoea. Nikabana pumzi, nikachomoka. Juu nikatema damu. Hospitali Mpanda wakasema pafu limepasuka. Sasa nikilima tuta moja, nakaa.

Meneja alituma neno kwamba kampuni haina kosa, aliyeumia alikuwa amehitimu. Yule mkufunzi wa pili alikuja mwenyewe, na kilo mbili za sukari. Akazungukazunguka na maneno, mwisho akayasema.

"Lakini mzee, si ulifaulu?"

Mke wangu akasimamisha jembe.

"Nilikuomba," nikamwambia.

Akaangalia viatu vyake. Halafu akasema anawahi gari, kuna kundi jipya, Ijumaa ni mtihani. Nikamuuliza kama wote wanajua kupuliza maji.

"Watazoea," akasema.

Alikuwa ameshafika barabarani mke wangu alipomkimbilia na sukari yake, akamrudishia mkononi.