Neno Lililotoka kwa Akina Sebabili

Harufu ya petroli ya jenereta ikichanganyika na moshi wa majani ya migomba hunirudisha Murusagamba, kiangazi kile nilipokuwa darasa la tano. Deo na dada yake Konsolata, watoto wa jirani yetu Mzee Sebabili, walikuwa wamenunua kamera ya video ya mtumba, wakaanza kurekodi harusi. Mikanda waliionyesha uani kwao, nasi tukaketi chini tukijitafuta kwenye televisheni.

Deo alihangaika na jenereta. Konsolata ndiye aliyeshika kamera, na jicho lake lilikwenda asikotumwa. Bwana harusi akivishwa pete, yeye alikuwa akimfuata bibi anayevua viatu vilivyombana. Watu walicheka, kisha wakalalamika, na kabla maharage hayajamalizika kupurwa neno lilikuwa limezaliwa. Suruali iliyoshonwa mguu mmoja mfupi iliitwa ya kisebabili. Chai iliyosahauliwa sukari, ya kisebabili. Konsolata akipita sokoni, alitazama chini.

Ikafika harusi ya dada yangu. Tulipokwenda kuutazama mkanda, mama alisubiri keki ikatwe. Haikukatwa. Badala yake tulimwona baba, mtu mkavu ambaye hatukuwahi kumwona akilia, amesimama nyuma ya jiko akifuta machozi kwa tai ya kuazima, halafu akitabasamu peke yake.

"Keki iko wapi, Konso?" mama aliuliza.

"Sikuiona, mama. Nilikuwa namtazama baba."

Baba aliinuka, akaenda kusimama gizani kwenye migomba. Mama akasema polepole, "Hebu rudisha hapo."

Baba alifariki mwaka uliofuata, na hatuna picha yake nyingine inayotembea. Majirani walikuja kuitazama, na taratibu neno likageuka: wazazi wakaanza kuomba harusi za binti zao zirekodiwe kisebabili.

Sasa nafundisha Kiingereza Biharamulo, ambako kila mgeni wa harusi ana kamera mfukoni na keki haimponyoki mtu. Juzi tulikutana na kivumishi cha Kiingereza kilichotokana na jina la ukoo la ndugu wawili watengeneza filamu. Wanafunzi walishangaa, msichana mmoja akauliza kama ndugu hao walipendezwa jina lao kufanywa neno. Jioni nikampigia Konsolata, ambaye bado analima kulekule Murusagamba, nikamuuliza kama wao walilipenda neno lao.

"Mwanzoni nililia," alisema. "Siku hizi nawasikia watoto wakilitamka, wala hawajui kwamba ni sisi. Nawaacha tu. Wanalitamka vizuri."