Karani Aliyeangukiwa na Kabati

Kama mtu angeniambia kwamba karani anaweza kuvunjika mkono kazini, ningemcheka. Walioumia kwetu Lindi walikuwa watu wa mashambani, waliokatwa na mashine za mkonge. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa kitini, kupiga chapa na kujisifia mwandiko wangu. Siku hiyo nilikuwa na haraka, nikavuta droo zote nne za kabati la chuma kwa pamoja. Kabati likaniinamia taratibu, kama mzee anayerukuu, na mkono wangu wa kulia ukawa chini yake.

Hospitali wakanifunga plasta. Meneja akasema kampuni imetukatia bima hata sisi wa ofisini, na kwamba mtu wa bima atakuja kutoka Dar es Salaam kuniona. Akiridhika, nitalipwa mpaka nipone na kiti changu kitaningoja. Asiporidhika, kiti atapewa mwingine.

Mtu mwenyewe, Mwingereza mrefu aliyejifunza Kiswahili kitabuni, alinikuta nyumbani, mtaa wa Mtanda.

"Hujambo, karani? Mkono unaendeleaje?"

"Sijambo, bwana! Mzima kabisa, alhamdulillahi. Hakuna neno."

Ningefanya nini? Mgeni hajakaa, nimpokee kwa vilio? Kwetu hali njema hutangulia, maradhi yakafuata baada ya kahawa. Yeye kahawa hakuingoja. Plasta aliiona, lakini aliyoyaandika ni maneno yangu. Wiki iliyofuata barua ikaja: karani amekiri mwenyewe kuwa amepona. Nilikasirika hadi nikaisahau plasta, nikapiga meza kwa mkono uleule.

Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Kiranjeranje kuniuguza, ingawa yeye mwenyewe magoti yalimtesa kwa miaka. Meneja alipomwomba mtu wa bima arudi, mama akanikalia kooni asubuhi na jioni.

"Akikuuliza, useme unaumwa. Basi. Haya, sema."

Nikasema naumwa, naumwa, mpaka majirani wakaniletea uji.

Mgeni akarudi. "Hujambo, karani?"

"Sijambo, bwana, mzima kabisa!"

Mama akajipiga kofi kwenye paji la uso. Mgeni alicheka mpaka akakaa. Kumbe meneja alishamweleza desturi zetu. Safari hii hakuniuliza tena. Alinipa kalamu.

"Andika jina lako."

Vidole vilikataa. Kalamu ikaanguka mkekani, na mimi mwenye kujisifia mwandiko nikaona machozi yananilenga. Aliiokota mwenyewe, akaandika kwa muda mrefu.

"Utalipwa mpaka upone," akasema. "Na kiti chako hakiguswi na mtu."

Furaha ilinizidi, nikamkumbatia kwa mkono mmoja, jambo ambalo sidhani kitabu chake kilimfundisha.

Kahawa safari hii aliingoja. Alipoaga, mama alijiinua kumsindikiza, ameshika ukuta kwa mikono miwili, uso umemkunjamana kwa maumivu ya magoti.

"Na wewe, mama, hujambo?"

"Sijambo, mwanangu," mama akajibu. "Mzima kabisa."