Nane ya Mama na Nane ya Mama Gidi

Harufu ya sabuni ya mche, ile ya kufulia inayokatwa vipande dukani kwa kisu, hunirudisha uani kwetu Maisaka kila ninapokutana nayo. Wengine huwakumbusha usafi. Mimi hunikumbusha ugomvi, na mtoto aliyechuchumaa kando ya karai, mikono ina povu hadi kwenye viwiko, akijifanya anafua soksi huku masikio yote yako kwa wakubwa.

Mkoa wetu ulikuwa mpya wakati huo. Babati ilikuwa imefanywa makao makuu, na malori yalikuwa yakishusha makochi na vitanda vya watumishi waliohamishiwa kwetu. Watu wazima walitamka neno “mkoa” kama mtu aliyevaa viatu vipya na anataka vionekane. Mimi niliwauliza: huo mkoa umewekwa wapi, mbona siuoni? Nilikuwa darasa la tatu. Jina langu ni Lea, lakini kwa maswali ya namna hiyo mtaa mzima uliniita Kwanini, na wala haikuwa sifa.

Miongoni mwa waliokuja na malori hayo alikuwa Mama Gidi, mwanamke mrefu mpole kutoka Njombe, ambaye mume wake alikuwa karani katika ofisi za mkoa. Walipanga vyumba viwili jirani na sisi. Alikuwa na saa ya ukutani, na nilipenda kwenda kuitazama kwa sababu shuleni tulikuwa tumeanza kujifunza kusoma saa, nami nilikuwa na kesi nayo. Mshale mfupi uko kwenye mbili, tunasema saa nane. Kwa nini? Mwalimu alinijibu, “Ndivyo ilivyo,” jibu ambalo sijawahi kulisamehe mpaka leo.

Kilichowaunganisha mama yangu na Mama Gidi ni baridi. Mlima Kwaraa ukijifunika wingu mwezi wa sita, Babati huwa na upepo unaopenya mpaka kwenye meno, na wote wawili walijua kufuma. Mama alikuwa na sindano za kufumia alizorithi kwa bibi yake, ambaye alifundishwa na masista huko Dareda. Zilikuwa za chuma, za kijivu, na kwenye kichwa cha kila moja kulikuwa na tausi mdogo na namba. Mama Gidi alikuwa na za kisasa, rangi ya waridi, zenye alama ya nyota, zimejaa kwenye mfuko wa nailoni. Jioni walikaa kibarazani wakifuma na kucheka, na ile sauti ya sindano kugongana, tik, tik, tik, ndiyo iliyokuwa redio yetu.

Basi chekechea ya kanisa ikatafuta mfumaji wa sweta za watoto wote. Mwalimu mkuu alimwambia Mama alete sweta moja ya mfano Jumatatu, na ikimpendeza, kazi yote ni yake. Mama hakuwa amewahi kupata kazi ya namna hiyo. Alitembea siku nzima akiwa amenyooka kama aliyebeba ndoo kichwani. Ili wawahi, akagawana kazi na rafiki yake: yeye kifua, Mama Gidi mgongo.

“Sindano namba ngapi, Mama Lea?” Mama Gidi aliuliza.

“Nane.”

“Nane?”

“Nane, mama. Usihangaike, ni hesabu ya bibi yangu hiyo.”

Jumamosi mchana Mama Gidi akaja na mgongo aliomaliza. Mama akautandika juu ya mkeka, akaweka kifua juu yake. Kifua kilikuwa cha mtoto wa chekechea. Mgongo ulikuwa wa baba yake. Isitoshe, ulikuwa na matundu ya kupitisha vidole. Ungeweza kuchujia chai.

Mama aliingiza kidole kwenye tundu moja, akakitoa. Kisha akasema neno ambalo mfumaji hamwambii mfumaji mwenzake. “Mama Gidi, mkono wako umelegea.”

“Mkono wangu?”

“Huu si ufumaji. Hili ni jarife la kuvulia perege ziwani.”

“Wewe si ndiye uliyeniambia nane? Hii hapa, soma!” Akamsogezea kichwa cha sindano ya waridi. Nane.

“Na hii je?” Mama akamwonyesha tausi wake. Nane.

Walisimama hivyo, kila mmoja ameshika nane yake kama rungu. “Mimi niliona sindano ni nene mno,” alisema Mama Gidi. “Nikasema labda ndivyo mnavyovaa huku, wazi wazi. Nimekuja juzi tu. Nitamwuliza nani?”

“Ungeniuliza mimi!”

“Nilikuuliza. Ukaniambia nisihangaike.”

Akaondoka bila kuaga, mfuko wake wa sindano ukabaki mkekani. Mama aliketi akakunja kile kifua kidogo polepole, akakiweka mapajani. Akasema, akijisemea mwenyewe, kwamba Jumatatu angemwambia mwalimu mkuu atafute mtu mwingine. Sikuwa nimewahi kumsikia mama yangu akikubali kushindwa.

Nilikuwa bado kando ya karai, na kipande cha sabuni mkononi, laini kwa kuloa. Nikasogea mkekani, nikachukua sindano ya tausi namba nane, nikaipitisha katikati ya sabuni mpaka ikatokea upande wa pili. Nikaichomoa. Nikajaribu kuingiza nane ya waridi kwenye tundu lile lile. Ikagoma kabisa. Nikajaribu sita ya waridi, nayo ikagoma. Nne ikapita, imebana vizuri, haichezi.

“Mama, nane yako ni nne ya Mama Gidi.”

“Acha kuchezea sabuni.”

“Ni nne, Mama. Tazama.”

“Nane haiwezi kuwa nne, Lea. Sasa hivi sina nguvu ya maswali yako.”

“Saa ya Mama Gidi ikionyesha mbili, wewe unasema saa ngapi?”

“Saa nane,” alijibu kwa hasira. Halafu akanigeukia. Akaichukua sabuni. Akapitisha nane yake, akapitisha nne ya mwenzake. Akarudia. Kisha akachukua tausi namba kumi, akailinganisha na tausi namba nane, na nikaona uso wake ukibadilika: kwa tausi, namba ikikua sindano inakonda, kwa nyota, namba ikikua sindano inanenepa. Miaka yote alijua sindano zake. Hakuwahi kuwa na sababu ya kudhani kuna watu wanaohesabu kwa kuelekea upande mwingine.

Hakuvaa hata kandambili. Alivuka uani sabuni ikiwa mkononi, akapiga hodi.

“Mama Gidi, mkono wako hauna shida. Shida ni tausi.”

Walifumua ule mgongo mimi nikikunja uzi, wakaufuma upya kwa kupokezana mpaka Jumapili, na Jumatatu sweta ikaenda. Kazi waliipata, wote wawili. Baridi ya mwaka uliofuata, watoto wa chekechea walipita mbele ya nyumba yetu wamevaa bluu, nami niliwatazama kama jenerali anayekagua jeshi.

Mama hakuniambia kuwa nimefanya vizuri. Kile kipande cha sabuni alikitoboa matundu mengine, akakikausha, akakifunga kwenye kitambaa, akakiweka kabatini. Nilidhani ni ubahili. Kumbe kulikuwa na siku tulizofulia vipande vyembamba vilivyosalia, tunavigandisha pamoja, na kipande kizima kiko pale kabatini hakiguswi. Hilo nimelielewa ukubwani. Siku moja nilimsikia akimwonyesha mgeni sabuni ile: “Huyu wangu haamini hata namba iliyochongwa kwenye chuma.” Nilidhani ananisema vibaya, nikaenda kununa nyuma ya nyumba.

Nilipomaliza chuo nilimletea kipimo halisi cha sindano, kibao cha plastiki chenye matundu na namba za aina zote mbili. Alikigeuza geuza, akashukuru. Kisha akaenda kabatini, akafungua kitambaa. Akapitisha nane ya tausi kwenye plastiki. Ikapita kwa ulaini. Akaipitisha kwenye sabuni. Ikaingia kwa taabu.

“Hiki kimezidi kidogo,” akasema. “Wenye kiwanda wamekosea. Lakini kitafaa.”

Ninajua kwamba sabuni ikikauka husinyaa, na matundu yake husinyaa nayo. Nimebishana na wahadhiri kwa mambo madogo kuliko hilo. Nilimtazama akiifunga tena sabuni yangu, kwa uangalifu, pembe kwa pembe, na kwa mara ya kwanza maishani sikuuliza kitu.