Pasipoti ya Mama wa Mpunga

Wiki niliyoapishwa kuwa mtetezi wa washtakiwa kwenye mahakama yetu ya Kasongo, nilikuwa na mali tatu: joho jeusi la kuazima, kitabu cha sheria kisicho na jalada, na simu. Joho lilinibana kwapani. Kitabu kilikuwa kimenyofoka kurasa palepale nilipozihitaji. Lakini simu, jamani, simu ilinitia wazimu wa furaha.

Lazima nieleze kwa nini. Kwetu, wakubwa wa kazi hii waliificha mifano ya maandishi yao ya mahakamani kama mtu anavyoficha dawa ya familia. Ukimwomba mmoja akuoneshe namna anavyoandika maombi ya kumtoa mtu gerezani kwa muda, alikuonesha karatasi huku kiganja chake kimefunika nusu yake. Ulisoma salamu na sahihi. Katikati ulijaza mwenyewe kwa akili yako, na akili yangu wakati ule ilikuwa changa.

Basi asubuhi moja nilipanda na simu yangu mpaka nyuma ya shule ya misheni, mahali ambapo mtandao unashika vizuri ukisimama karibu na ukuta, nikaandika kwa Kifaransa maneno ninayoyatafuta. Mungu wangu. Yalikuja maombi, yakaja hoja za utetezi, zikaja rufaa, yakaja majibu ya mawakili wa miji ambayo sitaiona maisha yangu yote, na hakuna hata mmoja aliyeweka kiganja juu ya karatasi. Nilipakua mpaka simu ikaniambia imeshiba. Mzee mmoja aliyekuwa anatafuta mtandao kando yangu akaniuliza kama nimepata habari ya ndoa.

Nyumbani nilimsomea mama yangu yale maandishi akiwa anapepeta mchele. Nilisoma kwa sauti ya mahakamani, mkono mmoja kiunoni.

“Huyo munayemuombea ni nani?” akauliza.

“Simjui, mama. Ni mutu wa mbali.”

“Basi Mungu amusaidie,” akasema, akaendelea kupepeta.

Mteja wangu wa kwanza nilimpata siku chache baadaye. Alikuwa mama mkulima wa kijiji kimoja upande wa njia ya Kabambare, mjane, mwembamba, mwenye macho ya mtu asiyependa maneno mengi. Mbuzi wa jirani yake alikuwa ameingia katika shamba lake la mpunga mara ya tatu. Mara mbili za kwanza alimrudisha kwa kamba na kwa heshima. Mara ya tatu alimpiga kwa mpini wa jembe, na mbuzi akafa. Jirani alikuwa na shemeji polisi, na kabla jua halijazama mama alikuwa juu ya pikipiki kati ya dereva na askari, anapelekwa Kasongo. Kesi yenyewe ingesubiri. Mimi nilitakiwa kumtoa tu ili aisubirie nyumbani.

Nilipomtembelea gerezani nilianza kumweleza sheria. Alinisikiliza kidogo kisha akanikata.

“Metre,” akasema, maana ndivyo tunavyoitwa sisi wa joho, hata tukiwa wachanga. “Mupunga yangu imekwisha kuwa ya manjano. Nani iko anafukuza ndege?”

Hakuwa na mtu. Watoto wake waliokua walikuwa kwenye machimbo ya Lusangi, hawakujua hata kama amekamatwa. Nami nimekulia mpungani. Utoto wangu nusu nzima niliupitisha juu ya kilingo, napiga debe na kupayuka ili ndege wasishuke. Nilijua kwamba mpunga wa manjano usio na mtu unakwisha upesi, na unaobaki unapukutika wenyewe chini. Kila nilipokwenda aliniuliza swali hilohilo, nami kila mara nilimjibu kwamba naandika.

Na kweli niliandika. Yaani, nilichagua. Katika hazina yangu nilipata maombi mazuri ajabu, ya wakili wa ng'ambo, yenye sentensi ndefu zinazopanda na kushuka, mpaka mtu anapofika mwisho anataka kumwachilia kila mfungwa. Nikaenda nayo sokoni, kwa mpiga chapa mmoja anayefanya kazi kwa umeme wa jua, tukabadilisha jina, tukabadilisha mji, tukabadilisha kosa. Jua lilikuwa linaingia mawinguni, kompyuta inalia kwamba inakufa, yeye anasema, “Metre, haraka.” Nikasema chapa. Karatasi zilitoka zikiwa bado za moto. Nilizibeba kifuani barabara nzima, na mpanda baiskeli mmoja aliyenisalimia nilimwitikia kama gavana.

Maombi ya namna hii kwetu husikilizwa faraghani, si mbele ya watu. Chumba kilikuwa kidogo: hakimu, karani wake, mwendesha mashtaka, mama na mimi. Karani alisoma maandishi yangu kwa Kifaransa, na hakimu, aliyekuwa mtu wa kupenda kazi inyooke, alikuwa anamtafsiria mama kwa Kiswahili kipande kwa kipande. Ukurasa wa kwanza ulipita vizuri sana. Mwendesha mashtaka mwenyewe aliinua nyusi kwa sentensi moja, nami nikaanza kujisikia mrefu.

Ukurasa wa pili karani akasoma kwamba afya ya mshtakiwa iko hatarini kwa sababu ya theluji. Akasita. Akafuta jasho la shingoni kwa leso, akarudia kusoma, akitazama dirisha.

Hakimu hakutafsiri hapo. Alisema, “Endelea.”

Karani akaendelea. Mshtakiwa anaahidi kukabidhi pasipoti yake kwa mahakama na kutopanda ndege yoyote inayotoka nje ya nchi.

Nilianza kuvutavuta joho kwapani. Kile kipande nilikisoma mara kumi nyuma ya ule ukuta wa shule, nikakipenda, nikamsomea hata mama yangu. Halikunijia hata mara moja wazo la kukipima juu ya mtu niliyekuwa namtetea.

Hakimu aliweka kalamu chini taratibu. Akamgeukia mama, na nikaona pembe ya mdomo wake inacheza.

“Mama, mutetezi wako anasema utatupatia pasipoti yako. Uko nayo?”

Mama alinitazama mimi kwanza. Alinitazama kwa muda. Kisha akamtazama hakimu usoni, bila kupepesa.

“Iko, Bwana Juji.”

“Iko?”

“Iko ku nyumba. Muniachilie, niende niilete.”

Mwendesha mashtaka ndiye aliyeshindwa wa kwanza. Alijifanya anakohoa, halafu akaacha kujifanya. Karani aliinamisha kichwa juu ya meza, mabega yanaruka. Hakimu alivua miwani akajifuta machozi, na mimi, Mungu anisamehe, mimi mwenye aibu yote ile, nikaangua kicheko mpaka mbavu zikauma. Mama peke yake hakucheka. Alisimama amefunga mikono, anasubiri jibu.

Kicheko kilipokwisha niliziomba zile karatasi nizirudishe mfukoni. Nilimwambia hakimu ukweli, kwamba nimezitoa kwenye simu, ni za mtu mwingine wa nchi nyingine. Nikasema kwa Kiswahili, bila sentensi yoyote ndefu, kwamba mama huyu hana pasipoti, hana ndege anayoijua isipokuwa wale walioko shambani kwake sasa hivi wanakula. Ana mpunga wa manjano. Mtu mwenye mpunga wa manjano hakimbii kwenda popote, Bwana Hakimu, anakimbilia hapohapo. Mukimtaka, mutamukuta shambani.

Hakimu alivaa tena miwani yake. Kisha akamuuliza mama, kwa sauti nyingine kabisa, mpunga wake umebakiza siku ngapi.

“Kama mvua haipige, sita,” akasema mama.

Hakimu akaandika. Aliamuru aachiliwe siku ileile, avune, kisha afike kila wiki mpaka kesi itakaposikilizwa. Mwendesha mashtaka hakupinga. Bado alikuwa anatafuta leso. Nilitoka nje nikiwa nimelewa furaha. Nilimpandisha mama kwenye pikipiki, nikaisindikiza kwa mbio mpaka njia panda, joho likipepea, kiatu kimoja kikabaki matopeni.

Siku yake ya kwanza kufika, aliniletea mchele kwenye kikapu. Ndege walikuwa wamechukua upande wote wa chini, akasema, lakini ule wa juu aliuwahi. Tulikaa kwenye ubao nje ya mahakama, nami nikaanza tena kucheka ile habari, nikimwiga anavyosema iko ku nyumba. Nilikuwa nimeisimulia mji mzima.

Aliniacha nimalize.

“Metre, ile kitu ni nini?”

Nikamweleza pasipoti ni nini. Alitikisa kichwa, kama mtu anayepewa habari isiyomhusu.

“Sasa kama hukuijua, mama, kwa nini ulisema iko?”

Alikuwa anachambua mawe kwenye mchele wangu, hakuinua macho.

“Nilikuona unatetemeka, mwanangu,” akasema. “Nikajua wamekushika na uongo. Nikasema iko, ili wakuachilie.”