Daftari la Kaka

Juzi, hapa Ipuli, nilimsikia mwalimu kijana akiita majina darasani, nikamkumbuka kaka yangu. Alimaliza chuo cha ualimu, akapelekwa vitani kabla hajashika chaki.

Alasiri aliporudi nyumbani Kigwa kutoka vitani, ua ulinukia karanga za kukaanga. Nilimpokea begi, nikakuta daftari la majina ya wenzake na vijiji vyao. Mengine yalikuwa na msalaba mdogo pembeni. Mimi nilikuwa darasa la pili, mambo ya shule nikiyajua vizuri.

“Kaka, hawa wenye msalaba ni watoro?”

Mama aliacha kukoroga karanga. Kaka akanipakata.

“Ndiyo. Hawakurudi.”

Kesho yake alichukua baiskeli na lile daftari, akaenda kwa mama zao.